Madina hadi Makka kwa treni ya Haramain, ukiwa na mzee mwenye magoti

Mamangu ana magoti. Kwetu Mombasa ukisema hivyo inatosha: huyu ana magoti, yule ana mgongo, na msikilizaji ameshaelewa. Ana miaka 73, ndani ya nyumba anatembea na mkongojo, na tangu baba alipotangulia mbele ya haki alikuwa na ombi moja tu, aende umra kabla miguu haijakataa kabisa. Agosti 2024, Mfunguo Tano, mahujaji wameshaondoka, tukafunga safari wanne: yeye, mdogo wake ambaye ni mama mdogo wangu, kakangu na mimi.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza kila niliyemjua kuwa amekwenda. Nilipewa mashauri ya hoteli, ya chakula, ya pahala pa kununua mabaibui. Hakuna aliyenieleza hatua kwa hatua namna ya kumpandisha mzee kwenye treni ya Haramain na kumshusha akiwa bado ana nguvu za kutufu, yaani kuizunguka Kaaba. Mengine nimejifunza kwa kukosea, na aliyeyalipia makosa hayo ni mamangu kwa miguu yake. Ndiyo maana naandika, ili mzee wako asilipe tena.

Treni yenyewe

Reli ya Haramain inaanzia Makka, inapita Jidda mjini, inapita uwanja wa ndege wa Jidda, inapita King Abdullah Economic City karibu na Rabigh, inaishia Madina. Yote ni kilomita 450. Sisi wa Mombasa kipimo tunacho tayari: reli ya Madaraka Express kutoka Miritini hadi Nairobi ni kilomita 472, karibu sawa, na safari yake inakula saa tano hivi. Haramain inafika kilomita 300 kwa saa, na kutoka Madina hadi Makka ni saa mbili na kama dakika 20. Hata treni mpya ya umeme ya ndugu zetu wa Tanzania, ile wanayojivunia baina ya Dar es Salaam na Dodoma, na haki yao wajivunie, mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa.

Treni ni 35, zimetengenezwa na Talgo ya Uhispania, na zinakwenda kwa umeme. Kila moja ina kichwa mbele na kichwa nyuma, kwa hiyo ikifika mwisho wa njia haihitaji kugeuzwa. Katikati kuna mabehewa 13, mafupi kuliko tuliyoyazoea. Abiria wa kwanza walipanda Oktoba 2018.

Basi lipo na ni rahisi zaidi. Kijana mwenye nguvu zake akipanda basi simlaumu. Lakini basi ni saa tano, pengine sita ukihesabu kusimama njiani, na mwenye magoti akikunja miguu muda wote huo, akishuka hawezi hata kunyooka. Na kazi yake bado haijaanza. Mizunguko saba ya tawafu inamngoja, kisha Safa na Marwa mara saba, ambayo peke yake ni kilomita 3 na ushee. Kwangu mimi nauli ya treni ilikuwa nauli ya magoti. Kila ushauri ulio hapa chini umetoka kwenye hesabu hiyo moja: hatua yoyote anayopiga mzee kabla hajaiona Kaaba inakatwa kwenye akiba yake ndogo, basi mpunguzie.

Anza na Madina

Kama ratiba iko mikononi mwako, teremka Jidda na uende Madina kwanza, Makka baadaye. Sababu ni ya kimwili na ya kidini pamoja. Ukianza Makka, ihramu, yaani nia ya umra na nguo zake, inakulazimu ukiwa bado ndani ya ndege, na mzee anafika amechoka na safari, kichwa kizito, na ibada kubwa iko mbele yake usiku uleule. Ukianza Madina unasafiri na nguo zako za kawaida. Mzee analala, anakula, anamsalimia Mtume (S.A.W.), anazoea joto, na siku ya kwenda Makka anaondoka na mwili uliotulia.

Kutoka uwanja wa ndege wa Jidda treni inakupeleka Madina moja kwa moja, chini kidogo ya saa mbili. Stesheni imeunganishwa na jengo la abiria nambari 1. Hapo pana mtego: si kila ndege inashukia jengo nambari 1. Uliza mapema ndege yako inashukia jengo gani, kwa sababu majengo mengine yako mbali na utahitaji gari kufika stesheni.

Na hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Ndege yetu ilikuwa itue saa nane mchana, nami nikakata tiketi za treni ya saa kumi. Niliona saa mbili ni nyingi. Foleni ya pasi ilikuwa ndefu, kisha masanduku, kisha mama akataka choo, kisha kutembea. Kutoka ndegeni hadi stesheni ni mwendo mrefu wa korido, na mtu mwenye magoti hapelekwi mbio. Tulipofika langoni treni ilikuwa imeshakwenda. Nauli za watu wanne zikapotea, tukakata nyingine ya usiku, na mamangu akakaa kwenye kiti cha stesheni saa nne akiwa amejifunika mtandio. Hakuninyanyulia sauti. Alisema tu, «Mwanangu, wewe ulihesabu miguu yako.»

Basi weka saa nne kamili baina ya kutua na treni, tano kama mko kundi kubwa. Na ombeni kiti cha magurudumu kwenye shirika la ndege wakati wa kukata tiketi ya ndege, si mkishafika. Msukumaji anajua njia, na mara nyingi mwenye kiti hupitishwa foleni fupi na walio naye wakapita pamoja.

Kukata tiketi

Tiketi zinakatwa kwenye tovuti ya reli au programu yake ya simu, na zipo kaunta stesheni. Usitegemee kaunta ukiwa na mzee. Bei haikai pahala pamoja, na treni za Alhamisi jioni na Ijumaa hujaa kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko za wenyeji. Kumi la mwisho la Ramadhani usiliguse kabisa kama mzee wako hawezi kusimama.

Kadi yangu ya benki ilikataa mara mbili. Ilibidi niombe benki ifungue malipo ya nje kwanza, jambo la siku moja, basi lifanye wiki nzima kabla.

Tiketi inataka jina na nambari ya pasi. Nambari za mamangu na mama mdogo nilizipokea kwa simu kutoka kwa wakala mmoja wa safari, na kwenye moja palikuwa na herufi O pahala pa sifuri. Niliiona usiku wa kuamkia safari, nikasahihisha. Shika pasi mkononi, andika ukiiangalia, halafu mpe mtu mwingine akusomee tena. Majina nayo yaandike kama yalivyo kwenye pasi hata kama nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Mama mdogo kila mtu anamjua kwa jina la utani tangu utoto, na siku ya kwanza mzigo wake ulipoitwa kwa jina la pasi hakuitikia.

Kisha angalia mambo mawili ambayo yanawapoteza watu wetu.

La kwanza ni stesheni. Jidda ina mbili: moja iko uwanja wa ndege, nyingine iko Sulaymaniyah, mjini. Ukikata tiketi ya kutoka Sulaymaniyah na wewe uko uwanja wa ndege, una safari ya teksi ambayo hukuipanga. Soma jina lote mpaka mwisho kabla ya kulipa.

La pili ni saa. Saa ya Saudia ni sawa na ya kwetu, hakuna kurudisha wala kupeleka mbele, na hiyo ni rehema kwa wazee. Lakini tiketi imeandikwa kwa saa 24. 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, 20:00 ni saa mbili usiku. Niliwaandikia wazee wangu karatasi kwa saa zetu, kwa herufi kubwa, nikaibandika mlangoni mwa chumba cha hoteli. Na chunga hesabu ya usiku. Mama mdogo akisema «usiku wa Ijumaa» anakusudia Alhamisi jua likishakuchwa, kama alivyofundishwa chuo cha Qurani. Tiketi haijui hesabu hiyo. Treni inayoondoka baada ya saa sita za usiku ina tarehe ya siku inayofuata, na hapo ndipo familia nzima inapoweza kufika stesheni siku siyo.

Madaraja ni mawili, la kawaida na la biashara. La kawaida linatosha. Kiti ni kipana kiasi, miguu inanyooka, pana pahala pa kuchaji simu. Pesa ya daraja la juu iweke kwa hoteli iliyo karibu zaidi na msikiti, hiyo ndiyo itakayomsaidia mzee mara tano kila siku.

Chagua treni ya saa ngapi

Sisi tulichagua ya asubuhi, saa tatu na nusu. Alfajiri tukasali Msikiti wa Mtume, mama akaaga kwa utulivu, tukarudi hotelini, tukala. Mpango ulikuwa kufika Makka kabla ya adhuhuri kuingia, sala ikasaliwe hotelini bila kuwa na wasiwasi wa wakati ukiwa njiani. Sala ya msafiri ina nafuu zake, na sheikh wako atakueleza zaidi, lakini mzee wa kwetu hata umpe ruhusa gani, moyo wake unakuwa kwenye sala. Ukimpangia safari inayokatiza wakati wa Magharibi, atasafiri saa mbili akiangalia dirishani jua linazama.

Usiweke treni karibu na miadi ya Rawdha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume. Kuingia Rawdha siku hizi ni kwa kibali cha programu ya Nusuk, na saa unayopewa ndiyo uliyopewa. Kina mama hasa hungoja, wakasogezwa, wakangojeshwa tena. Siku ya Rawdha iwe ya Rawdha peke yake.

Bir Ali na ihramu

Atokaye Madina kwenda kufanya umra mikati yake, yaani pahala pa kuhirimia, ni Dhul-Hulaifa, ambayo wengi tunaiita Bir Ali, kama kilomita 10 kutoka Msikiti wa Mtume. Basi za mahujaji husimama pale. Treni haisimami. Kwa hiyo swali la kila anayepanda treni ni: nia nitaitia wapi?

Wapo wanaooga na kuvaa hotelini, kisha wakatia nia treni inapoondoka. Muulize sheikh unayemwamini na ushike alichokwambia. Sisi tulikodi gari kubwa alfajiri ileile likatupeleka Bir Ali, tukasali rakaa mbili, tukatia nia, mama akaanza talbiya, ile «Labbaika», kwa sauti yake nyembamba na kakangu akiipokea, kisha gari likaturudisha mjini hadi stesheni. Inakula saa moja na nusu hivi pamoja na foleni za kuogea. Kwa kina mama nashauri mkoge hotelini kabisa, Bir Ali mshuke kusali tu, maana sakafu za mabafu huwa na maji na mzee mwenye mkongojo akiteleza safari imekwisha.

Mambo madogo ya ihramu ndani ya treni. Sabuni ya kunukia na vile vitambaa vya kufutia mikono vyenye manukato si vya mtu aliyehirimia, kwa hivyo beba kipande cha sabuni isiyo na harufu kwenye mfuko wa mkononi, kwa sababu hujui utakuta nini chooni. Kiyoyozi kinapiga kweli. Kakangu alikuwa na nguo zake mbili nyeupe, begani uchi, akatetemeka. Mwanamume aweza kujifunika shuka au blanketi mwili, asifunike kichwa tu. Mama nilimletea sweta jepesi la kuvaa chini ya buibui.

Na tende. Ndugu yangu, wazee wakifika Madina watanunua ajwa, tende za Madina. Mamangu alinunua boksi za majirani, za wajukuu, za imamu wa mtaani, na moja ya mtu ambaye hata mimi simjui. Begi likawa halinyanyuki. Kwenye treni kila abiria huruhusiwa sanduku moja na mfuko wa mkononi, uzito wake umeandikwa kwenye masharti ya tiketi, yasome. Ajwa zigawanye kwenye masanduku yote siku moja kabla, na mizani ndogo ya kuning'iniza ni rafiki mwema.

Stesheni

Kutoka karibu na Msikiti wa Mtume hadi stesheni ya Madina ni robo saa hadi dakika 20 kwa gari. Fika saa nzima kabla. Jengo ni kubwa, matao marefu yaliyopandana kama miti ya msitu, na kila stesheni imepewa rangi yake: Madina kijani, kwa ajili ya Msikiti wa Mtume, Makka dhahabu, kwa ajili ya nakshi za Kaaba, Jidda zambarau. Hili la rangi nililitumia. Nilimwambia mama mdogo, «Ukiona kijani tuko Madina bado. Ukiona dhahabu tumefika.» Asiyesoma Kiarabu wala Kiingereza naye anastahili alama ya kujua alipo.

Mlangoni mizigo inapita kwenye mashine ya kukagulia. Mtu mmoja wa familia asimame upande wa pili kabla mifuko haijaanza kutoka, kwani ndani ya mfuko wa mama mna dawa zake na pasi yake. Kisha nenda kaunta ya huduma uombe kiti cha magurudumu. Tuliomba, tukapewa na mtu wa kusukuma. Usione haya kuomba na usimwache mzee akatae. Mamangu alikataa mara mbili, anasema watu watamwona hawezi. Nilimwambia nguvu zake ni amana ya Safa na Marwa, asizitumie kwenye sakafu ya stesheni. Akakaa.

Ndani muna msikiti, vyoo, maduka ya kahawa. Mpeleke choo hapa, ambapo pana nafasi na vya kushikilia, kuliko kumngojea ndani ya treni inayokwenda.

Lango la kuendea jukwaani linafunguka kwa kusoma tiketi, mtu mmoja mmoja, na hufungwa kabla ya wakati wa kuondoka. Usikae ukinywa chai ukitazama saa ya kuondoka, tazama lango. Na upangeni msafara: kakangu alipita kwanza, akageuka akasimama, mama akafuata, mama mdogo, mimi wa mwisho nikiwa na tiketi zote kwenye karatasi. Simu huzima, karatasi haizimi. Mkiacha mzee apite wa kwanza peke yake au abaki wa mwisho, lango likifunga katikati yenu atababaika. Kila mzee alikuwa na kadi shingoni yenye jina lake, jina la hoteli na nambari mbili za simu.

Kushuka jukwaani kuna ngazi za umeme na kuna lifti. Itafute lifti hata kama ni mbali kidogo. Ngazi za umeme na buibui refu si marafiki.

Treni ina urefu wa zaidi ya mita 200. Kwa hiyo kabla hamjaanza kutembea soma nambari ya behewa kwenye tiketi, utazame nambari zilizoandikwa kwenye treni, ndipo muelekee. Niliwaona wazee wa nchi nyingine wakipelekwa hadi mwisho wa jukwaa na kurudishwa, kwa sababu kiongozi wao alifuata umati. Umati unakwenda kwenye behewa lake, si lako.

Ndani ya treni

Masanduku makubwa yanawekwa kwenye rafu za behewa, zinajaa upesi, basi kijana atangulie na mizigo huku mwingine akimkalisha mzee. Viti vikiwa vinaangaliana, mpe mzee kinachotazama mbele, wengine hupata kizunguzungu wakienda kinyumenyume.

Inaondoka bila mtikisiko. Mamangu aliniuliza, «Sasa hii inakwenda kweli?» Nikamwonesha dirisha. Majengo ya Madina yakaisha, ikaja ile nchi ya mawe meusi, mawe ya volkano ya zamani yaliyotapakaa kama makaa ya moto uliozimika, kisha jangwa, ngamia wachache, nguzo za umeme zinazopita kama vidole. Kwenye kioo cha juu ikaandika 300. Mama aliitazama namba ile muda mrefu. Babake, babu yangu, alikwenda hija kwa meli kutoka Mombasa hadi Jidda, na alikuwa akisimulia mawimbi na siku za kungoja. Kabla yake misafara ya ngamia kutoka Madina hadi Makka ilikuwa siku kumi na zaidi.

Ukipata nafasi ukiwa Madina, mpeleke mzee stesheni ya zamani ya reli ya Hijazi, ile ya Waturuki. Reli hiyo ilifika Madina kutoka Dameski mwaka 1908, na haikufika Makka kamwe. Jengo ni la mawe, sasa ni makumbusho. Kukaa pale kisha siku ya pili ukapanda Haramain kunaifanya safari ieleweke: watu walitamani reli ya kufika Makka zaidi ya miaka mia kabla haijapatikana.

Pana behewa la vinywaji na vitafunio, lakini beba maji, na tende chache, na mkate kwa mwenye sukari. Dawa za saa sita mpe kwa wakati wake. Kila nusu saa nilimwambia mama anyooshe miguu na kuzungusha vifundo. Nilipitwa na mara moja, na goti la kushoto likakaza, ikabidi asimame akishika kiti mpaka likaachia. Jidda inapokaribia mwamshe aliyelala. Pale watu wengi hushuka na kupanda, na kutoka Jidda hadi Makka si mbali, mtashangaa mmefika vitu vyenu bado vimetapanyika.

Kushuka Makka

Msiwe wa kwanza kusimama. Waache wenye haraka watoke, treni imefika mwisho, haiendi tena popote. Kisha kijana na mizigo, mzee nyuma yake, mwingine nyuma ya mzee.

Stesheni ya Makka iko Rusayfah, kama kilomita 4 kutoka Masjid al-Haram. Hizi kilomita 4 ndizo zilizonichosha kuliko 450 za kwanza. Nje madereva watakuiteni kwa sauti, kila mmoja na bei yake. Ama uite gari kwa programu ya simu, ambapo bei unaiona kabla, ama mkubaliane na dereva kabla sanduku halijaingia butini. Mwoneshe jina la hoteli limeandikwa kwa Kiarabu, niliyaandikisha yote mapema na wahudumu wa hoteli ya Madina. Na umuulize kama gari linafika mlangoni mwa hoteli, maana karibu na Haram barabara nyingine hufungwa nyakati za sala, na dereva akikushusheni mita 500 kabla, hizo mita 500 atazitembea nani?

Tulifika hotelini kabla ya adhuhuri, tukiwa kwenye ihramu. Kakangu alitaka twende Haram pale pale. Nilimkatalia. Kubaki kwenye ihramu ukipumzika hakuna ubaya, na Agosti saa nane mchana jua la Makka si la kumtoa mzee. Tulisali, mama akala wali na samaki alioleta kakangu kutoka mkahawa wa chini, akalala mpaka Alasiri, akakaa kitandani akisoma. Baada ya Isha, joto limepungua, ndipo tukashuka. Tawafu aliifanya kwa miguu yake, polepole, amemshika kakangu mkono. Saa'i, yaani Safa na Marwa, tulimkodia kiti cha magurudumu ghorofa ya juu, naye mizunguko miwili ya mwisho akaomba ashuke, atembee. Nikamwacha.

Kurudi

Treni kutoka Makka hadi uwanja wa ndege wa Jidda ni chini ya saa moja. Kwa vile nilishajua korido zile, safari hii nilikata treni ya kutufikisha saa tano kabla ya ndege. Mmoja aangalie tena ndege yenu inaondokea jengo gani. Maboksi ya zamzam yaliyofungwa yanapatikana uwanjani, hakuna haja ya kubeba madumu kwenye treni. Kiti cha magurudumu kiombwe mara tatu: stesheni ya Makka, uwanja wa Jidda, na mnakoshukia nyumbani. Mara hii mama hakukataa hata kimoja. Alikaa, akaweka mkongojo mapajani, akamwambia msukumaji kwa Kiswahili twende baba, na yule kijana akaelewa.